Mama Alipogeuka

Juzi hapa Tunduma nilipita kando ya shule ya msingi, nikaona watoto wameinua mikono juu, wanatabasamu. Mwalimu alikuwa akiwafundisha dalili za kiharusi. Ghafla nikasikia harufu ya kahawa ya kwetu Iyula.

Nasi utotoni tulifundishwa hivyo shuleni: tabasamu, inua mikono, taja jina lako, anayeshindwa apelekwe hospitali upesi. Mimi nilidhani ni mchezo, na hospitali ni adhabu ya kushindwa.

Mchana mmoja babu, mzaa baba, alikaa kando ya kichanja cha kahawa mbichi iliyonukia uchachu. Mama alikuwa akichambua kahawa, amempa mgongo, maana kwa desturi yetu mwanamke hamtazami baba mkwe usoni wala hamgusi. Nikamwomba babu tucheze mchezo ule wa shule. Mdomo wake ulicheka upande mmoja tu, na mkono wa kushoto ukabaki pajani.

"Babu ameshindwa," nilisema nikicheka. "Mwalimu anasema aende hospitali."

Ungo ukamponyoka mama. Aligeuka, akamtazama babu usoni.

"Baba, inua tena."

Mkono haukuinuka. Akambeba mpaka kwenye bodaboda, akakaa nyuma yake amemkumbatia, majirani wakitazama. Niliwaza tu faini ya mbuzi itakayomwangukia mama. Leo ndiyo najua ukubwa wa kitendo kile.

Babu alirudi akitembea kwa fimbo. Wazee walipokuja kuuliza habari ya mkwe aliyemshika, alijibu polepole, ulimi bado mzito:

"Asinipe mgongo tena."