Jina Lililozidi Mizani

Asubuhi ya maziko ya mdogo wangu, binti wa mama mdogo, nilikaa mkekani nyuma ya nyumba yao, kule juu Uluguru, nikihesabu kwa vidole. Mama mdogo alikuwa amemtungia mwanawe shairi la beti nne, na alitaka kulisoma mwenyewe kaburini baada ya wasifu. Alinipa karatasi akasema, "Wewe unayajua haya. Niangalizie nisiaibike."

Kanuni za ushairi nimejifunza mwenyewe, kwenye kitabu chakavu nilichonunua barabarani Msamvu. Labda ndiyo maana naogopa kosa kuliko waliofundishwa darasani.

Vina vyake vilikuwa safi, "ngu" katikati na "ni" mwishoni, ubeti hadi ubeti. Kila kipande kilikuwa na mizani nane isipokuwa kimoja, katika ubeti wa mwisho, pale alipomwita binti yake kwa jina na kumwambia alale. Jina lile peke yake ni mizani tano. Kipande kikafika tisa. Nikahesabu tena, na tena. Mtani mmoja wa ukoo, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji akiwatania wafiwa kama watani wafanyavyo misibani, akapaza sauti: "Jamani, mwazimeni huyu vidole, kumi havimtoshi!"

Watu wakacheka. Mimi nikarudi kwenye karatasi.

Nikajaribu kulifupisha jina.

"Hakuna aliyewahi kumwita hivyo," alisema mama mdogo.

Basi nikalikata. Nikaandika: lala salama mwanangu. Nane kamili, na kina kikabaki. Aliitazama karatasi.

"Ndivyo inavyotakiwa?"

"Ndivyo, mama."

Kaburini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Alisoma bila kujikwaa hata mara moja. Wengine walikuwa wanalia. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu.

Wiki chache baadaye alishuka mjini kuuza karoti, akapitia kwangu Kihonda. Nilimwamkia, nikamkaribisha ndani, akakataa kukaa.

"Siku ile padri alimtaja," alisema akiwa mlangoni. "Aliyesoma wasifu alimtaja. Mimi mama yake sikumtaja."

Ningeweza kumwomba radhi. Neno lilikuwepo kabisa mdomoni. Badala yake nilimwambia kwamba mizani ilikuwa imetimia.

"Haya," alisema, akainama kuchukua tenga lake.