Meza Isiyo na Msumari

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye ukumbi wa parokia, Songambele, nikisubiri cheti cha ubatizo, fundi alipoleta meza ya kulia. Fundi mwenyewe ni mama wa makamo, aliyejifunza useremala kwa marehemu mumewe. Meza ilikuwa ndefu, ya mvule, lakini badala ya miguu minne ilikalia fremu mbili nene, moja kila upande, zilizounganishwa kwa boriti.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia mwenyekiti wa kamati ya parokia, iliyoagiza meza hiyo.

"Marahaba." Mzee aliinama akapapasa chini. "Mama, sioni msumari hata mmoja. Na miguu miwili tu? Hii irudi."

Mama hakupandisha sauti. "Misumari hulegea, mzee. Boriti imepenya fremu zote mbili, na kwa nje nimeikaza kwa kabari. Ikilegea, unagonga kabari tu. Na nyayo za fremu ni pana, haiwezi kupinduka."

Kisha akawaomba wanakamati wanne wakae juu yake. Walitazamana, wakapanda. Mwenyekiti akaisukuma kwa bega mpaka viatu vikateleza sakafuni. Meza haikulia wala kucheza.

"Panda na wewe, mzee. Nafasi ipo."

Akapanda. Mama akajifunga kitenge upya, uso ukimng'aa, akauliza viti vinatakiwa vingapi.

Nimeona kamati nyingi zikikalia mambo yetu mpaka yakafa. Hii ni ya kwanza kukalia kitu kikabaki kimesimama.