Sketi ya Kijani na Mtoto Mgongoni

Enzi zetu (na naomba mama asisome hapa, kwa sababu kila nikisema enzi zetu ananiuliza enzi gani, juzi tu alikuwa ananipangusa kamasi), enzi zetu mtoto wa kwanza wa kike hakuwa mtoto. Alikuwa chombo cha nyumba, kama sufuria. Wewe uliyekuwa darasa la tano mwaka ule ofisi za kaunti zilipoanza kupakwa rangi hapa Isiolo, unajua ninachosema. Siku hizi mtoto akilia anapewa simu aangalie katuni anyamaze. Sisi ndio tulikuwa hiyo simu.

Kwetu, mtaa wa Wabera, chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani, sisi tulikuwa wageni. Mama alishona mablanketi ya vipande. Alichukua mabaki ya vitambaa kwa mafundi wa sokoni, akayakata miraba, akayaunganisha, kisha akaweka blanketi kuukuu katikati na shuka chini, akapitisha uzi kwa mkono mpaka yote yakawa kitu kimoja kizito cha kukuzibia baridi ya Julai. Akichoka kushona alifuma vitambaa vya makochi, maana kupumzika kwake kulikuwa ni kubadilisha sindano. Bado nasikia harufu ya chumba kile: mafuta ya cherehani, mkojo wa mtoto, githeri inayoshika chini kwa sababu hakuna mwenye mkono wa kuikoroga. Ikifika alasiri upepo wa Isiolo uliingia bila hodi, ukabeba vipande mpaka barabarani, na mimi nikavikimbiza katikati ya mbuzi wa watu na kina mama wa maziwa ya ngamia, huku Mutuma akicheka mgongoni kama abiria wa boda.

Mutuma ni ndugu yangu. Alizaliwa mwaka huohuo, na kichwa kama tikiti maji, na alipokaza shingo tu akahamia mgongoni mwangu na kukaa huko. Nilicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, naye mgongoni, nikawa napigwa kabla ya wote kwa sababu nilikuwa mpana kama watu wawili. Kwenye blada, ule wa kuruka raba, hawakunipa hata zamu. Waliniambia, "Kendi, wewe simama hapo ushike raba, wewe ni mti." Baba alikuwa na lori la safari za Merti, na akirudi alilala mchana kutwa. Kwa hivyo mama aliniangalia mimi, akasema maneno aliyoyasema kila siku ya Mungu: "Mikono yangu ni miwili, Kendi. Wa tatu ni wewe." Na mimi, mjinga, nilikuwa nafurahi.

Sasa, shule ilialikwa kukariri shairi uwanjani, kwenye sherehe ya wakubwa wetu wapya wa kaunti, na mwalimu wa Kiswahili akanichagua mimi. Mimi, mti wa blada. Nililikariri nikichota maji, nikimbembeleza Mutuma nalo, mpaka yeye mwenyewe akawa ananyamaza nikifika pale "Isiolo amka, jua limepanda." Sharti la mwalimu lilikuwa moja: asiye na sare kamili asisogee karibu na jukwaa. Nilikuwa na sketi moja ya kijani, mpya, iliyokuwa bado inanukia duka. Siku moja kabla ya sherehe niliipiga pasi ya makaa, nikaikunja, nikaiweka juu ya kiti kando ya cherehani kama mtu anayelaza yai.

Asubuhi niliikunjua. Nyuma, pale pa kukalia, palikuwa na shimo la mraba. Niliona ukuta kupitia sketi yangu.

"Uuwi, kwani hii ilikuwa sketi?" mama aliuliza, mguu haujatoka kwenye cherehani. "Nilidhani ni tambara. Ni usingizi, Kendi. Huyu mtoto na meno yake hajanilaza siku tatu."

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama hakugeuka. Kulikuwa na blanketi la mteja la kuondoka saa sita, mama mmoja aliyehamia mjini kikazi, na lilikuwa limebakisha mistari miwili. Kitambaa cha kijani, akasema, kimeisha madukani, wazazi wote wamenunua. Kisha akamfungua Mutuma mgongoni mwake, akanifunga naye.

Majirani wote walienda uwanjani, hata wazee wa kahawa. Mimi nilibaki nikizunguka ua na kilo zangu kumi za ndugu, na upepo ukaleta spika mpaka mlangoni kwetu. Nilimsikia Nkatha wa darasa la sita akisema shairi langu. Alipofika pale pa "Isiolo amka," alisema jua limezama. Limezama, saa nne asubuhi, na watu wakapiga makofi.

Sijawahi kumsamehe Nkatha. Mama nilimsamehe, kwa sababu usingizi ni usingizi. Na tangu siku hiyo nikawa mtu wa nyumbani. Wenzangu walimaliza fomu foo wakatawanyika, mmoja yuko mpaka Mombasa, mimi nikahama kwa mama nikaenda vichochoro viwili mbele, na hiyo niliiita safari. Hata sokoni natuma mtu. Nashona mablanketi ya vipande, nani angeamini, na nina msichana wa miezi saba, Makena, anayeamini uzi ni chakula. Sindano naziweka kwenye mkebe juu ya kabati. Akilala nashona mstari mmoja. Akiamka nauacha katikati. Juzi nilishona blanketi pamoja na dera niliyovaa, nikasimama kumkimbilia, nikatembea na kitanda kizima mpaka jikoni.

Wiki iliyopita kina mama wa kikundi chetu waliniomba nipeleke mablanketi yangu ukumbini, saa nane, niyaonyeshe na niwafunze watu kuyaunganisha. Nisimame mbele, niongee. Nilikubali, na siku yenyewe ilipofika Makena akaamka na jino na kilio. Nilikuwa tayari nimeanza kutunga kisingizio mama alipoingia na zawadi: blanketi la Mutuma la utotoni, alilomshonea mwaka ule, limefuliwa, la kumfunika mjukuu.

"Achana na mambo ya ukumbi," aliniambia akilitandika. "Mtoto kwanza. Hao watakuelewa."

Katikati ya blanketi palikuwa na mraba wa kijani, kijani kile cha sketi yangu. Nilikuwa nimelala chini yake na Mutuma miaka mingi bila kuutazama, lakini sasa mimi pia nakata vitambaa. Pembe zake nne zilikuwa sawasawa, kingo zimenyooka kama za rula. Mimi nikikata na usingizi, mraba wangu unatoka kama ramani ya Merti. Nikakumbuka na blanketi la yule mteja. Lilikuwa jekundu na jeupe na manjano. Nililishika mwenyewe likikunjwa.

"Mama, lile blanketi la siku ya uwanja halikuwa na kijani."

"Halikuwa." Aliendelea kulainisha pindo kwa kiganja.

"Basi uliikatia nini?"

Alimtazama Makena, hakunitazama mimi. "Ningekuambia ubaki, ungebaki?"

"Singebaki."

"Haya," akasema, kama mtu aliyeulizwa kama chai ina sukari. "Kazi ilikuwa inaondoka saa sita. Mtoto analia. Mikono ni miwili."

Watu husema hasira ni moto. Yangu ilikuwa baridi, na ilinipa adabu ya ajabu. Nilijua uchovu anaousema, nimeuvaa mwenyewe na dera yangu. Najua mtu anavyoweza kuangalia mkasi na kuangalia saa. Lakini mimi ningeomba. Au ningemwambia mtoto ukweli hata baada ya mwaka, hata baada ya mitano, asikae miaka yote hii akimlaumu Nkatha peke yake. Nilingoja neno pole. Alikuwa anauliza kama nina maziwa.

Nilimnyanyua Makena, nikamfunga mgongoni mwa mama kwa leso, nikakaza fundo kama alivyonikazia mimi. Nikakunja mablanketi yangu manne, nikayatia kichwani.

"Kendi, unaenda wapi na mtoto analia?"

"Ukumbini. Mkono wa tatu umetoka."

Enzi zetu mtoto alilelewa na dada yake, na dada hakuulizwa. Nasikia watu wakizitamani siku zile, michezo, upepo, blanketi la mama. Mimi pia nazitamani, blanketi lile lina joto kuliko yote niliyowahi kushona. Lakini Makena hatabebeshwa mtu. Nilifika kwenye kona, upepo ukaniletea kilio chake, na sauti ya mama ikiniita, kwanza kwa ukali, kisha kwa kubembeleza. Nilikuwa natembea huku nasema shairi lile, lote, na jua lilikuwa limepanda.