Chapati za Mkwe Kwenye Mashine ya Siri

Tulikuwa watatu nyumbani kwangu, mtaani Mwihoko: mimi, mjukuu wangu Njeri, na cucu yake mwingine, yaani nyanya yake, Nyambura, aliyezaa mume wa binti yangu. Njeri alikuwa ameunganisha mashine ya siri kama zile za vita vya zamani.

“Cucu, andika chochote. Taa zitawasha herufi zingine, adui hawezi kusoma.”

Nikaandika polepole: CHAPATI ZA NYAMBURA NI NGUMU. Nikanakili herufi zilizowaka, nikatulia.

Chai ilipoiva, Njeri akarudisha mashine pale ilipoanzia, akaandika herufi za karatasi yangu amwonyeshe Nyambura vile siri hufunguliwa. Nyambura akasoma kwa sauti kila herufi iliyowaka, mimi nikitafuna chapati yake.

“Kumbe adui ni mimi,” akasema, akacheka mpaka machozi.

Kama nimekosea jina la mashine, nisahihisheni. Kuhusu chapati, sikukosea.