Komeo la Ndani

Sebuleni kwa Mama Kubwa, kule Jeddah, ilining'inia picha ya nyumba ya mawe yenye roshani na ngazi pana, na niliichukia kabla sijajua ni ya nani. Kila asubuhi niliipangusa, maana vumbi la mtaa wetu wa Al-Baghdadiyah halina likizo. Mama Kubwa alikuwa Muarmenia wa Lebanon, mjane, miguu imevimba, akiishi na mwanawe injinia. Huyo mwanawe ndiye aliyekuwa kafili wangu wa pili, mwajiri anayeshika kibali changu. Wa kwanza, wa Riyadh, nitamfikia.

Siku moja nikamwuliza kwa Kiarabu changu cha jikoni, "Mama Kubwa, hii nyumba ni ya nani?"

"Ya mkuu wa kanisa letu. Ndiyo makao yake. Sisi tunayaita veharan."

"Nilijua tu," nikasema. "Hata kwetu wako wachungaji wenye maghorofa, na waumini wao wamepanga chumba kimoja, choo cha nje."

Alicheka mpaka meno yake ya bandia yakacheza. "Una ulimi, binti." Ananiita binti na mimi nina wajukuu. "Keti. Uliza kwanza ni nani waliolala pale kabla yake."

Sikuketi. Riyadh nilifunzwa kwamba mtumishi haketi mbele ya mwenye nyumba, na funzo lile lilikuwa bado halijanitoka magotini.

Walionitendea ubaya wa Riyadh nawataja. Majina yao hayatanifaa kitu, lakini kila mmoja na nafasi yake naandika. Wa kwanza ni ajenti wa Nairobi, mwanamke tuliyeimba naye kwaya moja, aliyeniapia kwamba nitapewa chumba changu mwenyewe. Wa pili ni madam, kafili wangu wa kwanza. Chumba kweli alinipa, stoo iliyo kando ya mashine ya kufulia, mlango unafungwa kwa nje na ufunguo unakaa mkobani mwake. Wa tatu ni kaka yake madam, aliyekuwa na ufunguo mwingine. Na madam alijua. Nilipomwambia alisema, "Mafi mushkila, hakuna shida, huyo ni mtu wa nyumbani," akaendelea kupaka rangi kucha. Yaliyotokea ndani ya stoo ile siandiki. Ninachoandika ni kwamba mlango ule haukuwa na kitu chochote upande wangu. Siku waliposahau kuufunga nikatoka, nikakimbilia kwa watu wa ubalozi wetu, na baada ya mvutano mrefu ikama yangu, kibali cha kukaa, ikahamishiwa kwa huyu injinia wa Jeddah.

Basi, hadithi ya ile nyumba nilisikia nimesimama, siku baada ya siku, nikimkanda Mama Kubwa miguu au nikimchagulia dengu. Zamani mkuu wa kanisa lao alikaa katika mji wa milimani, nchi ambayo leo ni Uturuki. Watu wake wakauawa na waliobaki wakafukuzwa, naye pamoja nao. Mama Kubwa aliwataja waliowafukuza, wazi, bila kupunguza sauti, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Mzee yule akaenda Syria na mavazi yake na sufuria kubwa ya mafuta matakatifu, akilala nyumba za kuazima. Mwishowe wakapewa mahali Lebanon, kando ya bahari, palipokuwa makao ya mayatima.

"Baba yangu alikuwa mmoja wao," akasema. "Mkuu wa kanisa alikuja kukaa pale mtoto alipokuwa amelala. Umeelewa sasa?"

Nilielewa kidogo. Nikauliza, "Na hao watoto walifungiwa?"

Akanitazama. Hakuniuliza kwa nini nauliza hilo. "Baba alisema mlango wa bweni lao ulifungwa kwa nje, wasitoroke. Walikuwa wametoroka kila kitu tayari."

Baba yake akawa seremala. Nyumba ya mawe ilipojengwa, milango ya vyumba vya watumishi akapewa yeye. Na kila mlango aliutia komeo la ndani, la chuma, kwanza kabla ya kitasa. Hakukubali kusema mlango umekwisha mpaka mwenye chumba aingie, ajifungie, yeye agonge, na mwenye chumba akatae kumfungulia. Asipokataa, seremala anarudia. Mpishi aliona aibu, kila akigongewa anafungua mbio, mpaka seremala akagomba. Basi siku mkuu wa kanisa mwenyewe alipopita ukumbini akaona watu wanacheka, akaomba naye agonge.

"Mpishi akafanya nini?" nikauliza.

"Akasema, 'Subiri, Baba Mtakatifu, sijavaa.' Naye akasubiri."

Baada ya hapo niliipangusa ile picha nikitafuta madirisha ya chini, ya watumishi. Hayakuonekana vizuri.

Kisha injinia akapata kazi nyingine. Aliingia jikoni na funguo za gari mkononi, akasema, "Yalla, tuanze kufunga vitu. Tunahamia Riyadh. Kuna chumba cha mfanyakazi karibu na jikoni, kizuri, kina dirisha."

Chungu kilikuwa kikichemka, nikakizima. "Bosi, mlango wake una komeo kwa ndani?"

"Kina mlango."

"Mimi naulizia komeo."

"Sijui. Kwani nani atakuja kukuibia, na una sanduku moja?"

"Basi nirudishe kwetu. Riyadh siendi."

Alikuwa si mtu mbaya, hilo naandika pia. Lakini hakujua, na asiyejua ana haraka. Alianza kunieleza mkataba. Mama Kubwa akapiga fimbo sakafuni kule sebuleni, tukaenda wote wawili kama watoto. Akasema naye kwa Kiarmenia, maneno machache. Injinia alitazama ile picha, akatazama viatu vyake. Kisha akaniambia kwa Kiarabu, taratibu, "Litawekwa kabla hujaingia. Halas."

"Nitaliona kwanza," nikasema.

"Utaliona."

Riyadh nilifika nimefumba macho garini. Barabara zake sikutaka kuziona. Mezani, kwenye flati mpya, Mama Kubwa aliweka mkate, chumvi na maji, vile vitu padri wao hubarikia nyumba mpya. Padri hakuwepo, akaomba mwenyewe. Fundi Mpakistani alikuwa tayari ametia komeo mlangoni pangu, jipya, linang'aa.

"Ingia," akasema Mama Kubwa. Aliletewa kiti mpaka pale ukumbini.

Nikaingia, nikalisukuma. Liliingia tundu lake kwa mlio mdogo. Nikaketi kitandani. Akagonga kwa fimbo.

"Nani?"

"Mimi. Fungua."

Nilimpenda mama yule, na miguu yake ilikuwa inamwuma, na nilitaka kufungua mbio kama yule mpishi. Madam na kaka yake wako mji huuhuu, wanakunywa chai, sijawasamehe na sina mpango huo.

"Subiri, Mama Kubwa," nikasema. "Sijawa tayari."

Nikamsikia akiegemea kiti, akamwambia mwanawe aje aketi naye.