Vichaka Sita Vilivyokosa Utepe

Kwa miaka kumi na tisa, mhesabu mimea wa ofisi ya misitu alikuwa amehesabu kichaka cha aina moja tu, tena kile ambacho hakuna aliyekitaka. Kiliota jangwani, utomvu wake mweupe uliwasha macho wiki nzima, na mbuzi aliyeonja majani yake hakuiona jioni. Wafugaji walikiita Mkwe, kwa kuwa unakisalimia kwa mbali na huthubutu kukigusa.

Kila baada ya miaka mitatu alilitembea jangwa zima na daftari lake, kisha ofisi ikaandika hali ya mmea: salama, unapungua, au karibu kutoweka. Hakuwahi kukosea hata kichaka kimoja, na hilo alilisema pasipo kuulizwa, hata misibani. Safari hii mkuu wa ofisi alimwahidi kwamba ripoti ikifika safi, atapewa ukuu wa kitengo cha jangwa. Mkewe hakusubiri, alimburura kwa fundi akapimwe suti.

Ili asihesabu kichaka kimoja mara mbili, alibuni mbinu mpya: kila alichokihesabu alikifunga utepe. Tepe alizipata kwa kuchana shuka jekundu la kitandani.

"Baba watoto, hilo ni shuka la wageni!"

"Wageni watajifunika magazeti. Sayansi haingoji."

Alihesabu siku kumi na moja. Vichaka mia mbili na ishirini vilivaa utepe. Shuka likaisha, vikabaki sita bila kitu, akaviandika daftarini hivyo hivyo. Mia mbili ishirini na sita. Salama salimini! Akarudi mjini, akalala usingizi wa mtu mwenye haki.

Baada ya wiki alirudi kupiga picha za ripoti, akakuta mashimo. Shimo hapa, shimo pale, shimo hadi upeo wa macho. Katikati yake alisimama mama mmoja mfugaji aliyemfahamu miaka yote, kamba begani, magunia yamezungushwa mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Mjomba, karibu! Tumekumalizia kazi!"

"Kazi gani?"

"Si uliweka alama? Daktari wa mifugo akija, mbuzi wa kuchinjwa humfunga kitambaa chekundu shingoni. Tukasema, eh, leo serikali imetukumbuka, Mkwe kahukumiwa! Ukoo mzima tumeshinda hapa na punda wawili. Tumeng'oa vyote vyenye kitambaa. Hivyo sita tumeviacha, maana hukuvihukumu. Sisi ni watu wa sheria."

Mhesabu alikaa chini, ndani ya shimo mojawapo. Lilimtosha vizuri.

Kesho yake mkuu wa ofisi aliisikiliza habari hiyo akiwa ameshika kichwa. "Ulipohesabu, vilikuwepo au havikuwepo?"

"Vilikuwepo, mkuu."

"Basi andika mia mbili ishirini na sita, tulale. Na hao wafugaji?"

"Hawana kosa. Kung'oa mmea ulio salama hakukatazwi. Na huu ulikuwa salama mpaka walipomaliza kuung'oa."

Mkuu aliitafakari kauli hiyo mpaka chai ikapoa. "Ukiandika sita," alisema hatimaye, "cheo kiage leo leo."

Wako watu wengi wanaoishi vizuri kwa namba za wiki iliyopita, na hakuna anayewasumbua. Mhesabu alikaa na fomu mchana kutwa huku mkewe akimweleza kwamba suti imebakia vifungo tu. Mkono ulitaka kuandika mbili ya mwanzo. Aliuondoa mezani, akaukalia kidogo, kisha akaurudisha na kuandika: sita. Hali: karibu kutoweka. Palipoulizwa ni nini kinachoutishia mmea, pale ambapo wenzake huandika ukame, aliandika: "Mimi, kwa kutumia shuka."

Cheo alipewa karani wa ghorofa ya pili, mtu aliyeujua mchanga kwa kuuona kwenye ndoo ya kuzimia moto. Mhesabu alipelekwa jangwani kuvilinda vile sita na kukuza miche. Mkewe hakumsemesha siku nne, na ya tano alimsemesha sana.

Wiki ya pili, mama mfugaji alitokea na punda aliyebeba madumu ya maji.

"Nimesikia uliandika kosa ni lako peke yako."

"Ni langu."

"Hata punda hukuwataja?"

"Hata punda."

Mama akashusha dumu. "Huyu Mkwe kaniulia mbuzi wanne, mjomba."

"Najua, mama."

"Na leo nimnyweshe?"

"Taratibu. Hapo mizizini."

Akainama, uso ameugeuzia kando kama mtu anayemkanda adui mgongo, akamimina.

"Kunywa, muuaji wee," alisema. "Kunywa ushibe."