Chetezo Ndani ya Friji

Wenzangu, nyinyi angalau nisitirini, maana mtaa mzima wa Malindi ushanicheka.

Friji letu mume wangu aliachiwa na bwana mmoja aliyehama baada ya Mapinduzi, na uchochoroni petu hakuna jengine. Ramadhani hii jirani yangu Bi Mize alikuwa akija kila alasiri na bakuli lake kuchukua barafu. Siku moja akalipapasa friji, akasema, "Bi Salma, friji zuri hili!" Mashallah hakusema. Kesho yake barafu haikuganda.

Nkajua ni kijicho. Fundi ataganga nini jicho la mtu? Nkatia makaa kwenye chetezo, nkanyunyiza ubani, nkakiweka ndani ya friji, nkafunga mlango. Maji yakawa vuguvugu. Nkazidi kufukiza, na kila aliyekuja kutaka barafu nkamwambia, "Kamuulize Bi Mize na jicho lake."

Jana alasiri akaingia mwenyewe, na wifi yangu nyuma yake.

"Nshasikia unayonisema," akaniambia, na kabla sijainuka akafungua friji. Moshi ukamvaa usoni. Makaa yalikuwa mekundu bado.

"Bi Salma, barafu itaganda kwenye jiko?"

Natamani yangeishia hapo. Wifi yangu akachungulia nyuma ya friji. Plagi yake ilikuwa sakafuni. Pahala pake nilichomeka pasi yangu tangu siku ile niliposifiwa friji, nkasahau.

Bi Mize akaichomeka mwenyewe. Friji likanguruma.

"Mashallah," akaliambia, kwa sauti ya kusikika uchochoro mzima, akaondoka na bakuli lake tupu.